Pombe Ambayo Mama Hakuinywa

Mama yangu hakuwahi kuonja pombe. Nasema hivi mapema kwa sababu wapo watu kwetu Tawa, wengine bado wanaimba kwaya, ambao wakisikia mama akitajwa hukumbuka jambo moja tu, na jambo lenyewe ni la uongo.

Mlevi alikuwa babu, baba yake mama. Alipika kaluvu, pombe yetu ya miwa, akainywa mwenyewe kabla wageni hawajafika. Mama akiwa msichana ndiye aliyetumwa kumtafuta njiani na kumwinua kutoka mtaroni. Alipookoka, mwanzoni mwa miaka ya sitini, aliapa kwamba nyumba yake haitanuka kaluvu hata siku moja. Aliolewa na baba kwa sababu hiyo. Baba alikuwa mkulima mkimya, mtu wa Biblia, na kabla sijaanza shule alikuwa tayari mzee wa kanisa.

Mama alilima kama wanawake wote, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa kusuka vyondo, vikapu vyetu. Alisokota nyuzi za katani juu ya paja lake huku akitutazama sisi, akitugombeza, akiimba sauti ya pili ya wimbo wa Jumapili. Vidole vyake havikuhitaji macho.

Tumbo lilianza kumsumbua nikiwa darasa la nne au la tano. Alikuwa na vidonda vya tumbo, na kwa muda mrefu alivitibu kwa maziwa na maombi. Siku moja tukipalilia mbaazi alitapika damu nyeusi, akaketi chini kwenye mtaro wa shamba na kusema, "Mwite baba yako." Walimpeleka hospitali ya misheni iliyokuwa mbali, mahali ambapo palikuwa na daktari mzungu wa kupasua. Alikaa huko wiki nyingi. Aliporudi alikuwa na kovu lililoanzia chini ya kifua likashuka hadi kitovuni, na habari kwamba sehemu kubwa ya tumbo lake ilikatwa na kutupwa.

"Daktari ameniambia nimepona kabisa," alituambia. "Nile kidogo kidogo, mara nyingi. Ameniambia hataki kuniona tena."

Aliisema kama mzaha. Tulicheka wote. Yule mzungu naye alirudi kwao baada ya muda, kwa hivyo kweli hakumwona tena.

Alikonda, na kwa miaka kadhaa kukonda huko ndiko kulikokuwa badiliko pekee. Alikula kama ndege. Isyo, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, yalimlemea, nyama ilimkataa. Kilichomkalia vizuri ni uji uliochachuka, na asubuhi hakutoka nyumbani bila kunywa kikombe chake. Maumivu hayakurudi. Mama alimshukuru Mungu, na sisi pia.

Nilipomaliza shule nilikwenda Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, kufanya kazi katika hoteli ndogo iliyowapikia madereva wa malori. Mwenyewe alipochoka aliniachia nikaiendesha. Nilikuwa nikirudi nyumbani mara kwa mara, na ndivyo nilivyoona mambo yakibadilika, kwa vipande, kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani akikua.

Safari moja nilimkuta akipaka miguu mafuta ya taa. Alisema wadudu wanatembea ndani ya nyayo zake. Safari nyingine ilikuwa ganzi, kana kwamba amevaa soksi ambazo hazivuliki. Akaenda zahanati, wakampa vidonge vya maumivu ingawa hakuwa na maumivu, wakamwambia ni baridi na umri. Hakuwa amefika miaka hamsini.

Kisha siku moja alirudi kutoka mtoni, tulikochimba maji mchangani, akiwa amevaa patipati moja. Mguu mwingine ulikuwa mtupu na mwiba wa mgunga umeingia hadi ndani kabisa.

"Mwaitu, mama, patipati nyingine iko wapi?" nilimuuliza.

Alitazama chini. Alishangaa kuliko mimi. Alikuwa ametembea njia nzima bila kujua kwamba hana kiatu, wala kwamba ana mwiba.

Vyondo vikamshinda. Uzi ulimponyoka mkononi mpaka autazame, na hata akiutazama mishono ilikuja mikubwa na midogo. Ulimi wake ulikuwa mwekundu, laini, ukiwaka kila akila chumvi. Uso ulipauka. Na mwendo, ule mwendo ambao wote waliuona: alitupa miguu mbali mbali, akaikanyagisha kwa kishindo, macho yakiwa chini, kana kwamba ardhi ilikuwa ikisogea. Jioni giza likianza kuingia alishika ukuta.

Watoto wa soko walijifunza mwendo huo haraka. Walimfuata nyuma wakiuiga.

Nilikuwa nyumbani Jumapili alipoanguka. Mama alisimama mstari wa mbele wa kwaya, kitambaa cheupe kichwani, na alikuwa ameimba vizuri. Mchungaji akasema, "Tusimame, tufumbe macho, tuombe." Niliyafumba yangu. Nikasikia kishindo. Nilipofumbua, mama alikuwa amelala juu ya benchi, mdomo unatoka damu, na wanawake wawili wamesimama kando bila kumgusa.

Nilimwinua. "Nini, mwaitu?"

"Sijui," alisema. "Nilifumba macho, nikakosa mahali pa kusimama."

Wiki iliyofuata akaanguka tena, vilevile, katika maombi. Wa kwanza kusema ni pombe alikuwa kiongozi wa akina mama. Alisema alisimama karibu naye na alinusa kitu kichachu. Bila shaka alinusa. Ulikuwa uji.

Wazee walimwita. Nilimsindikiza kwa sababu hangeweza kushuka ngazi za kanisa bila mkono wa mtu, na hawakuwa na la kufanya ila kuniacha niketi. Mchungaji alikuwa katikati, wazee pande zote mbili, na baba alikuwa mmoja wao. Aliketi upande wa dirisha, mahali pake pa siku zote.

"Mama, tunakupenda," mchungaji alianza. "Tunataka ukweli tu. Unakunywa?"

"Nakunywa uji."

Mzee mmoja alikohoa ili asicheke.

"Watu wamekuona ukiyumba sokoni. Wamekuona ukianguka mbele za Bwana. Hata ukitembea sasa hivi tumekuona sote."

"Miguu yangu imekufa," mama alisema. "Nikifumba macho siijui iliko. Nimewaambia zahanati, nimemwambia mume wangu." Kisha akamgeukia baba. "Muulizeni yeye. Tunalala chumba kimoja. Muulizeni kama amewahi kusikia harufu ya pombe kwangu."

Wote walimtazama baba. Nami nilimtazama. Lilikuwa jambo la neno moja. Baba alipangusa goti la suruali yake kana kwamba lina vumbi.

"Mimi mara nyingi niko shambani," alisema.

Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, na sijasikia sentensi iliyoniudhi kama ile.

Walimtenga. Hakushiriki Meza ya Bwana tena, hakuimba kwaya, na ilimpasa kuketi benchi la nyuma karibu na mlango. Akina mama walimtuma mtu kuchukua kile kitambaa cheupe, kwa kuwa kilikuwa cha kikundi. Mama alikifua kwanza, akakipiga pasi, ndipo akakitoa.

Alikwenda kanisani kila Jumapili hata hivyo. Alishika mgongo wa benchi la mbele yake kwa mikono miwili, na watu wakiambiwa wafumbe macho yeye aliyaacha wazi.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Akili nayo ilianza kuyumba. Alisahau sufuria motoni, alimwita dada yangu kwa jina langu, alimshuku jirani kwamba anaiba kuku ambao walikuwa mbele ya macho yake. Mama ambaye hakuwahi kututukana alimrushia baba kikombe. Baba alikiokota akatuambia sisi watoto, kwa sauti ya chini, "Mnaona sasa?" Kana kwamba kikombe kile kilimtakasa yeye.

Ni baba aliyemsukuma atubu. Nilimsikia mwenyewe. Alimwambia kwamba mzee wa kanisa ambaye mke wake ametengwa hawezi kuendelea kuwa mzee. Alimwambia kwamba akifa katika hali ile mchungaji hatakuja kumzika, atazikwa kimyakimya kama babu. Hilo la babu lilimwingia.

"Kubali tu, mama watoto," alimwambia. "Ni maneno tu. Yaishe."

Nilipanda kutoka Kambu Jumapili ya kutubu nikitumaini atabadili nia. Waliomleta mbele walimshika mikono, na walipomwachia akayumba, mtu fulani nyuma akaguna. Mchungaji akamwambia aseme. Mama akasema, kwa Kikamba kwanza na kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni, "Nilikunywa pombe. Naomba mnisamehe."

Nilifikiri hiyo ingetosha. Lakini mchungaji aliuliza, "Ulikuwa ukinywa nini, mama, ili kanisa lijue limesamehe nini?"

Mama hakuwa amejitayarisha kwa swali hilo. Niliona akitafuta, kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Mwishowe akasema, "Ile ya baba yangu."

Kanisa likapiga makofi. Wakaimba, wakamkumbatia, kiongozi wa akina mama akamfunga kitambaa kichwani kwa mikono yake mwenyewe. Kisha mchungaji akasema tuombe. Mama hakufumba macho. Wala mimi sikufumba. Nilikuwa nikimtazama baba, ambaye yake yalikuwa yamefumbwa kweli kweli.

Wiki hiyo nilimchukua mama nikaenda naye Kambu.

"Unampeleka kukaa na madereva wa malori?" baba aliuliza.

"Wale hawatamuuliza anakunywa nini," nilimjibu, na tukaondoka.

Alikaa nami nyuma ya hoteli. Nilimpa kazi ya kuchambua maharagwe kwa sababu aliweza kuifanya ameketi, ingawa mawe mengi yalimpita. Alianguka kila aliponawa uso kwa sabuni, maana sabuni ilimfumba macho. Nikajifunza kumshika kiuno akinawa. Siku moja nilisikia harufu ya nyama inayoungua na jikoni hatukuwa na nyama. Mama alikuwa amesimama akikoroga uji. Kaa la moto lilikuwa limeanguka kutoka kwenye jiko, naye amelikanyaga kwa mguu mtupu, akiendelea kukoroga sufuria yake taratibu.

Nilimpeleka hospitali ya serikali kwa ajili ya kidonda hicho tu. Sikuwa na wazo lingine. Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana mwenye buibui chini ya koti jeupe, na Kiswahili chake cha pwani kilimfanya mama aone haya kusema cha kwetu. Alikitazama kidonda akakunja uso.

"Mama, hiki hakikukuuma?"

"Hakikuuma."

Alileta chuma chenye pembe mbili, akakigonga kikalia, akakiweka kwenye fundo la mguu. "Wasikia chatetemeka?"

"Nasikia kikilia kwa masikio. Huko mguuni hakuna kitu."

Alikipandisha gotini. Hakuna kitu. Akamwomba asimame, aunganishe miguu, afumbe macho.

Mama alikataa. "Nikifumba macho wanasema nimelewa."

Daktari alikuja akasimama mbele yake, akanyoosha mikono kumzunguka bila kumgusa. "Fumba, mama. Nitakudaka mimi."

Mama akafumba, akaanguka, akadakwa. Daktari alimlaza kitandani ampime tumbo, na alipopandisha blauzi akaliona lile kovu.

"Hili la nini?"

Tulimweleza. Aliuliza ni miaka mingapi, tukahesabu kama kumi. Aliuliza kama tangu wakati huo amechomwa sindano yoyote ya vitamini. Mama akasema hakuna. Daktari mzungu alimwambia amepona, hataki kumwona tena. Yule daktari kijana aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

Alituambia pole pole, na sijasahau. Tumbo hutoa kitu ambacho kazi yake ni kusaidia mwili kuchukua vitamini moja kutoka kwenye chakula. Ukilikata tumbo, kitu hicho kinapungua au kinakwisha, na mtu anaweza kula nyama kila siku na vitamini hiyo impite tu. Ini huwa na akiba, ndiyo maana miaka michache ya kwanza mtu huwa mzima. Akiba ikiisha, damu inapauka, na mishipa ya fahamu inaanza kufa kutoka miguuni. Mtu hajui tena miguu yake iko wapi ila kwa kuitazama. Akifumba macho anaanguka. Wengine akili inawapotea.

"Mtu aliyekatwa tumbo hivi alipaswa kuchomwa sindano hiyo mara kwa mara, maisha yake yote," alisema. "Hakuna aliyewaambia?"

"Hakuna," nilisema.

"Kwa hivyo sikulewa," mama alisema. Hakuwa anauliza.

"Hukulewa, mama."

Mama alitazama dari. "Na mimi nimeshatubu," alisema.

Daktari hakuelewa, nami sikumweleza. Nilitoka nje nikasimama kwenye ua mpaka nilipoweza kurudi.

Damu ilipimwa, sindano zikaanza. Dawa ilikuwa nyekundu kama rangi ya kufundishia watoto wa nasari, kiasi kidogo tu ndani ya chupa ya kioo. Mwanzoni alichomwa kila baada ya siku moja, kisha kwa wiki, kisha kwa miezi. Katika wiki chache ulimi ulipona, uso ukarudisha rangi. Akili ilirudi baadaye, na ilirudi yote. Mama akakumbuka kila kitu, pamoja na yale ambayo ingekuwa afadhali ayasahau. Miguu ndiyo haikurudi. Daktari alikuwa ametuonya: ganzi ingepungua kidogo, lakini kilichokufa kimekufa. Kama angeletwa alipokanyaga ule mwiba, alisema, pengine angetembea vizuri.

Nilipanda Tawa kumwona mchungaji. Nilimweleza yote, tumbo, ini, mishipa. Alisikiliza kwa heshima.

"Tumshukuru Mungu kwa madaktari," alisema. "Lakini lile jambo lilishaisha, binti yangu. Mama alitubu mwenyewe, kanisa likamsamehe. Tukilifukua litasaidia nani?"

"Mlimsamehe nini?"

"Alikiri kwa kinywa chake. Mimi sikumwekea maneno."

"Ulimuuliza pombe gani."

Aliniambia kwamba uchungu nao ni dhambi, na akajitolea kuomba pamoja nami. Nilimwambia aombe peke yake.

Mama alirudi nyumbani. Nilimsihi abaki Kambu akakataa: shamba lilikuwa lake kwa jasho, na jiko lilikuwa lake. Alimuuliza baba mbele yangu, siku aliyorudi, akiwa bado hajaketi. "Ulijua kwamba sinywi?"

"Nilijua," baba alisema.

"Sawa," mama alisema, akaingia ndani. Sikuwahi kusikia wakilizungumzia tena. Alimpikia, akamfulia, akaketi naye, lakini ile habari ya kumwita kwa sauti kutoka shambani, ile ya kumcheka akikosea maneno ya wimbo, ilikwisha. Baba alimbeba kwa baiskeli kila ilipofika siku ya sindano, akiisukuma kwenye mlima wote na mama ameketi nyuma na fimbo yake. Watu walimsifu, mume gani huyu. Mimi sikumsifu. Alibaki mzee wa kanisa hadi kifo chake.

Mama alimfuata baba miaka michache baadaye, miaka ya tisini ikiwa imeanza, kwa homa ya mapafu. Mchungaji wa zamani alikuwa amestaafu, akaja kijana mgeni ambaye alipewa historia ya marehemu na watu wa kanisa. Kwenye maziko, mbele ya jeneza, alisema kwa kipaza sauti kwamba mama huyu ni ushuhuda: kuna wakati alianguka katika ulevi, lakini Bwana alimwinua. Watu wakasema amina.

Nilikwenda mbele nikakichukua kile kipaza sauti mkononi mwake. Alikiachia kwa mshangao. Nilisema mama yangu hakunywa pombe hata siku moja. Nilisema alikatwa tumbo na hakupewa sindano, miguu ikafa, na walipoona anaanguka walimtaka atubu, naye alitubu ili azikwe kama anavyozikwa leo. Nilikuwa na mengine ya kusema. Lakini mtu kwenye kwaya alianzisha wimbo, wengine wakaupokea haraka, kwa nguvu, na sauti yangu ikazama. Nilisikia mwanamke akimwambia mwenzake, "Ni msiba tu. Mwacheni."

Baada ya watu kula na kuanza kutawanyika, mama mmoja nisiyemjua vizuri, wa kutoka upande wa Kasikeu, alinivuta nyuma ya ghala. Alikuwa na umri wa kama miaka arobaini na tano. Aliangalia pande zote, kisha akafungua kifungo cha blauzi yake akanionyesha mwanzo wa kovu.

"Yule mzungu wa misheni alinipasua mimi pia," alisema. "Miguu yangu imeanza. Mikono nayo. Sijamwambia mtu, wasije wakasema nimelewa."

Nilimwambia Jumatatu asubuhi twende pamoja, nitampeleka mimi mwenyewe, ni sindano tu, na amekuja mapema.

"Kwanza nimuulize mume wangu," alisema.

Jumatatu nilimngojea stendi ya Tawa. Magari ya asubuhi yalijaa na kuondoka, nikayaacha. Jua lilipopanda nilinunua chai, nikaendelea kukaa pale, nikitazama miguu ya kila mwanamke aliyekuja kutoka ile njia. Hakuja. Mchana nilipanda gari la Kambu.